Naomba ushauri: notisi za shambani, za mikutano na za masomo, nitumie daftari au programu ya simu?

Bibi Shamba Newala (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni. Naomba ushauri kwa wanaojua kuandika na kutunza notisi kikazi, mbwembwe za mtandaoni tuziache pembeni.

Mimi ni afisa ugani, wilaya ya Newala. Notisi zangu ni za aina tatu. Kwanza ziara za mashambani: wakulima sita hadi wanane kwa siku, kila mmoja na idadi ya mikorosho, dawa aliyopuliza, awamu ya ngapi, ubwiriunga (ugonjwa wa ukungu wa mikorosho) umefika wapi. Pili mikutano ya chama cha msingi na ya kijiji, ambako wiki mbili baadaye lazima mtu aulize "kwani tulikubaliana nini?" Tatu masomo. Nasoma kwa masafa, mihadhara ni jioni, kwa Kiingereza, naifuatilia kwenye simu.

Vifaa: simu ya Android ya GB 32 iliyojaa nusu, kaunta buku, na kompyuta ya ofisini tunayotumia watu wanne. Nikishuka bondeni upande wa Ruvuma mtandao hakuna kabisa.

Kuna wanaosifia programu ya Notion, wengine Obsidian, wengine Evernote, wengine wanasema daftari tu linatosha. Nichague ipi?

Mzee wa Makabrasha

Dada, umeanza na chombo kabla ya kazi. Anza mwisho urudi mwanzo: notisi hii utaitafuta lini, na utaitafuta kwa kitu gani? Majibu yako yapo matatu na hayafanani.

Ya shambani utaitafuta kwa jina la mkulima au la kijiji. Ya mkutano utaitafuta kwa tarehe na kwa uamuzi. Ya masomo huitafuti, unaisoma upya ili ikae kichwani. Ndiyo maana programu moja ya kubeba zote tatu itakuchosha ndani ya mwezi, na utadhani tatizo ni uvivu wako.

Fanya jaribio hili leo. Fungua kurasa 20 za mwisho za hiyo kaunta buku. Kila ukurasa uliowahi kuurudia, weka tiki. Uliousaka ukaukosa, weka msalaba. Ambao hujaugusa tena, acha mtupu. Tiki zikiwa nyingi, mtindo ni mzuri, usibadilishe chochote. Misalaba ikiwa mingi, shida ni fahirisi (orodha ya kukuonyesha kitu kiko ukurasa gani), wala kununua kitu kipya hakutaiondoa. Kurasa tupu zikizidi, unaandika mno, hapo dawa ni kupunguza maneno.

Pwani ya Shangani

Naongezea upande wa shambani. Huko karatasi inashinda simu, na sababu zake ni za kawaida tu: jua linaua skrini, mikono ina vumbi, na ukiwa unatazama simu mkulima anahisi unachati.

Ila kaunta buku ni kubwa kwa safari ya pikipiki. Chukua daftari la A5 (milimita 148 kwa 210), jalada gumu, lililoshonwa. La waya usichukue: waya unashika kutu, na kurasa zinachomoka kwenye matundu. Kalamu iwe ya wino wa mafuta, zile za kawaida za bei ndogo, au penseli HB. Kalamu za jeli zinaandika vizuri sana mpaka siku tone la mvua au la jasho liangukie ukurasa.

Mpangilio: wakulima wawili kwa ukurasa, mstari katikati. Kila nusu ukurasa ina mistari ileile, kwa mfuatano uleule, hata kama mmoja hauna jibu:

Tarehe na kijiji
Jina na namba ya uanachama
Miti inayozaa / michanga
Dawa, kiasi kwa mti, awamu
Nilichoona
Nilichoshauri
Kurudi lini

Daftari la kurasa 200 linabeba ziara 400, yaani siku 50 za wakulima wanane. Mfuatano usiobadilika unakusaidia kuona pengo papo hapo, ungali na mkulima. Ukiandika kwa insha, pengo unaligundua ofisini na yeye umeshamwacha kilomita 20 nyuma.

Mambo mawili yanayoharibu daftari za wengi. La kwanza ni namba bila kipimo. "Salfa 12" (dawa ya unga ya mikorosho) ni nini, mifuko, kilo au miti? Kipimo kiandikwe kila mara, hata ukiona unajirudia. La pili ni kuchanganya ulichoona na ulichoambiwa. Weka herufi pembeni: O kwa ulichoona kwa macho, M kwa alichosema mkulima. Mifuko minne uliyohesabu mwenyewe si sawa na mifuko minne ya maneno, na siku ya kuandika ripoti huwezi kuzitofautisha bila hiyo herufi.

Ukikosea, kata kwa mstari mmoja, andika sahihi juu yake. Usifute wala usipake rangi nyeupe. Namba iliyokatwa nayo ni taarifa.

Korosho Karanga

Mali bila daftari hupotea bila habari. Wahenga walishaufunga uzi huu zamani.

Mzee wa Makabrasha

Wahenga hawakusema daftari lenye fahirisi au lisilo nayo, ndiyo maana tupo hapa 😀

Mwalimu wa Mikindani

Naingia kwenye masomo, kwa kuwa hapo ndipo watu wanapoteza muda mwingi.

Kwa mihadhara nakushauri mpangilio wa Cornell. Uliandaliwa na Walter Pauk katika Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, miaka ya 1950, na hauhitaji kitu zaidi ya rula. Kwenye kaunta buku yako piga mstari wa wima sentimita 6 kutoka kushoto. Chini ya ukurasa acha sentimita 5, piga mstari wa ulalo. Umepata vyumba vitatu.

Wakati mhadhara unaendelea andika chumba kikubwa cha kulia peke yake. Hapa ndipo wengi wanakosea: wanajaza na kushoto papo hapo, kikawa chumba cha vichwa vya habari, faida yote imekwisha. Kushoto kunajazwa baadaye, siku hiyohiyo au kesho yake, na kunajazwa kwa maswali. Kama kulia umeandika jinsi ubwiriunga unavyoenea, kushoto andika "Kwa nini ukungu asubuhi unaongeza ubwiriunga?" Chini kabisa sentensi mbili au tatu za ukurasa mzima, kwa maneno yako. Siku ya kusoma unafunika kulia kwa karatasi, unajibu maswali kwa sauti, ndipo unafunua. Kusoma notisi kwa macho tu kunakudanganya: unazitambua, unadhani unazijua.

Mihadhara ikiwa ya Kiingereza, istilahi iache kama ilivyo ukiipigia mstari, maelezo yaandike kwa Kiswahili. Ukishindwa kuyaandika kwa Kiswahili ujue hujaelewa, weka alama ya kuuliza pembeni usonge mbele.

Kuhusu mkono dhidi ya kuchapa: mwaka 2014 Pam Mueller na Daniel Oppenheimer walitoa utafiti ulioonyesha kwamba wanafunzi waliochapa kwenye kompyuta walinakili neno kwa neno, wakashindwa zaidi maswali ya kuelewa. Unanukuliwa kila mahali. Wanaounukuu wanaruka kwamba ulirudiwa na wengine mwaka 2019 na tofauti haikutokea kwa nguvu ile. Kinachodhuru ni kunakili, kwa chombo chochote. Kwa kuwa wewe simu ndiyo imeshika mhadhara, andika kwa mkono, basi.

Fundi Simu Masasi

Programu sasa, maana hicho ndicho alichouliza na hakuna aliyemjibu.

Evernote: toleo la bure tangu mwisho wa 2023 linaruhusu notisi 50 na daftari moja. Wewe utazimaliza kwa wiki moja. Ondoa.

Notion: ni nzuri kwa timu yenye intaneti muda wote. Ukitaka ukurasa ufunguke bila mtandao inabidi uuandae kabla ya kuondoka. Ukisahau, huko bondeni utatazama skrini nyeupe. Ondoa.

Google Keep: nyepesi, inaandika bila mtandao na kutuma baadaye ukipanda mlima. Haina folda, ina lebo na rangi. Inafaa kunasa jambo la haraka: namba, picha ya kibao, kitu cha kununua. Haifai notisi ndefu za masomo.

Obsidian: kila notisi ni faili la maandishi matupu ndani ya folda ya simu yako. Inafanya kazi bila mtandao, matumizi binafsi ni bure, ukilipia ni huduma yao ya kusawazisha vifaa (notisi zilezile zionekane kwenye simu na kompyuta). Hata kampuni ikifungwa kesho, faili zako zinafunguka kwa programu nyingine yoyote.

Joplin: bure pia, chanzo chake ni wazi (yeyote anaweza kuukagua msimbo wake), inasawazisha kupitia Dropbox au OneDrive na ina usimbaji (kuzifunga notisi asizisome mwingine) ukiuwasha. Ni rahisi kuizoea kuliko Obsidian.

Kuhusu hiyo GB 32: maandishi hayajazi simu. Ukurasa mmoja uliojaa ni kama KB 2 au 3. Kurasa elfu moja ni MB 3, yaani sawa na picha moja ya kamera. Kinachojaza simu ni picha na sauti.

Kwa wewe: Keep ya kunasa, Joplin ya kutunza. Kompyuta ya ofisini usiingize akaunti yako humo. Mkiwa wanne, wote wanne ni wasomaji.

Bibi Shamba Newala

Asanteni sana. Na kujitumia meseji mwenyewe WhatsApp je? Ndiyo ninavyofanya sasa hivi.

Fundi Simu Masasi

Iwe sanduku la kupokelea, usiifanye ghala. Hakuna folda, picha zinabanwa ubora (tuma kama hati zisibanwe), na ukibadili simu bila nakala, imetoka hiyo. Kila Ijumaa hamisha yenye thamani, yaliyobaki futa.

Lukuledi

Kuna jambo moja ambalo miongozo ya wageni haitakwambia, nalo linamhusu kila anayeandika notisi kwa Kiswahili: utafutaji.

Kiswahili kinabadilika mwanzo wa neno. Leo umeandika "mkorosho", kesho "mikorosho", kesho kutwa "amepulizia", mtondo "tulipulizia". Baadhi ya programu zinatafuta kwa kuanzia herufi ya kwanza ya neno. Ukiandika "korosho" hazikuletei "mikorosho", kwa sababu neno linaanza na "mi". Kabla hujaihamia programu yoyote, ipime hivi: tengeneza notisi yenye sentensi "tulipulizia mikorosho", ifunge, halafu tafuta "korosho", kisha tafuta "puliz". Ikiileta kwa yote mawili, endelea. Ikishindwa, programu hiyo itakuwa inakuficha notisi zako mwenyewe. Na hata inayofaulu, jizoeze kutafuta shina la neno badala ya neno zima.

Lebo ziwe za umoja siku zote: mkulima, mti, dawa, kikao. Ukiwa na lebo "mkulima" na nyingine "wakulima", umegawa ghala moja kuwa mawili bila kujua. Andika orodha ya lebo zako ukurasa wa mwisho wa daftari. Zikivuka 15, punguza.

Majina ya watu ni balaa lingine. Mohamedi, Mohamed, Muhamadi, mtu ni yuleyule. Hassani na Hassan vivyo hivyo. Vijiji navyo, Kitangari na Kitangali. Usitafute kwa jina, tafuta kwa namba ya uanachama. Vijiji chagua tahajia moja, ibandike ndani ya jalada.

Halafu saa. "Tukutane 3:00" ni saa tatu asubuhi au ni saa tisa? Simu inasoma kizungu, mwenyekiti anasema kiswahili. Andika "saa 3 asubuhi" kwa maneno, au 09:00 kwa tarakimu. Hiyo "3:00" ipige marufuku. Tarehe za majina ya faili zianze na mwaka: 2025-06-14-kitangari-ziara. Zikianza na siku, tarehe 14 za miezi yote zitakaa pamoja kama mabinamu kwenye arusi.

Mchinga Mbili

Mnamnyima kitu kikubwa. Atumie mfumo wa kadi, ule wa Niklas Luhmann. Yule mwanasosholojia Mjerumani aliacha kadi kama 90,000 na vitabu rundo. Wazo moja kadi moja, kila kadi na namba, na kila kadi inaitaja nyingine. Karatasi ya manila ya A4 ukiikata mara nne unapata A6 nne, huna haja ya kuagiza kitu.

Mwalimu wa Mikindani

Mchinga, Luhmann alikuwa anaandika vitabu. Dada anaandika nani kapuliza salfa lini. Mfumo wa kadi unafaa pale mawazo ya leo yanapohitaji kugongana na ya miaka mitano nyuma. Akifika kwenye tasnifu yake, ndiyo, kadi mbili au tatu kwa kila makala anayosoma. Kwa sasa atakuwa anakata manila tu.

Mchinga Mbili

Tasnifu nakubali. Ila aanze kabla ya kuchagua mada, akianza baada ya hapo ameshachelewa.

Bibi Shamba Newala

Nimeanza kuelewa. Maswali mawili yamebaki. Kwenye mikutano watu wanaongea haraka na kwa pamoja, je nirekodi sauti? Na msimu wa kupuliza simu inapata vumbi la salfa, kuna namna?

Mzee wa Makabrasha

Kurekodi kunaonekana kuokoa kazi, kumbe kunaiahirisha. Mkutano wa saa mbili ni saa mbili nyingine za kusikiliza, na hutazipata. Upande wa nafasi, sauti ya kilobiti 64 kwa sekunde inakula kama MB 29 kwa saa, hilo si tatizo. Tatizo ni ridhaa. Tangaza mwanzoni, mwenyekiti akubali, wajumbe wasikie. Rekodi iwe ya kuhakiki namba iliyobishaniwa, na ifutwe muhtasari ukishapitishwa. Kuiandika kwa kuiambia simu isikilize pia usitegemee. Kibodi ya Google inapokea Kiswahili cha Tanzania kwa sauti ya mtu mmoja aliye karibu, ila watu kumi chini ya mwembe itakuandikia vituko.

Notisi za mkutano ziwe na safu tatu: hoja, uamuzi, nani na lini. Usimfuate kila msemaji. Hoja ikiwa inabishaniwa acha safu ya pili wazi, kalamu chini, sikiliza. Mwenyekiti akisema "basi tumekubaliana", hapo ndipo unaandika, na unaisoma kwa sauti kabla hawajaruka hoja nyingine. "Nimeandika hivi: makusanyo yataanza Jumatatu, ghala litafunguliwa na katibu. Ndivyo?" Sekunde 10 hizo zinakumalizia lile swali la wiki mbili baadaye. Safu ya tatu ikibaki tupu, huo bado ni mjadala, usiuite uamuzi.

Pwani ya Shangani

Salfa: simu iingie kwenye mfuko wa plastiki wa kufunga, tundu la chaji likitazama chini, na isitolewe mfukoni wakati mashine inafanya kazi. Salfa inakula shaba na fedha, na ndani ya tundu la chaji vipo. Usilipulize kwa mdomo, mate yanafanya tope. Tumia brashi kavu ya meno, simu ikiwa imezimwa. Daftari lenyewe halina shida na salfa, likung'ute tu.

Lukuledi

Kabla hatujasahau, dada, daftari lako lina majina, namba za simu na idadi ya miti ya watu. Hizo ni taarifa binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazigusa. Usipige picha ukurasa ukautupa kwenye kundi la WhatsApp la kata. Namba ya uanachama shambani, orodha ya majina ibaki ofisini kwenye kabati la kufuli.

Fundi Simu Masasi

Na nakala. Kila Ijumaa, kurasa za wiki zipige kwa kipengele cha kuskani cha programu ya Google Drive, kinatoa PDF. Dirishani, mwanga ukitoka pembeni, simu ikiwa sambamba na ukurasa. Ukisimama kati ya dirisha na daftari unapata picha ya kivuli chako. PDF moja kwa wiki, jina kama Lukuledi alivyosema. Risiti za mashine zipige siku hiyohiyo, karatasi yake inaandikwa kwa joto na kwa joto inaharibika. Ukiiacha kwenye dashibodi ya gari mchana mmoja wa Mtwara, jioni huenda maandishi hayasomeki.

Namba za miti na dawa zihamishie kwenye jedwali mwisho wa mwezi, safu moja kitu kimoja. Kwenye chumba cha namba andika 12 peke yake, neno "mifuko" likae kwenye kichwa cha safu. Ukiandika "mifuko 12" ndani ya chumba, jedwali haliwezi kujumlisha.

Bibi Shamba Newala

Kwa hiyo: A5 shambani, kaunta buku ya Cornell kwa masomo, safu tatu kwa mikutano, Keep ya haraka, Joplin na skani za Ijumaa. Swali la mwisho kabisa: nina kaunta buku nne za zamani zimejaa. Nizichape zote?

Mzee wa Makabrasha

Hapana. Kaunta buku ya kwaya 2 ni kurasa 192, hizo nne ni kurasa 768. Hutamaliza, na hata ukimaliza, robo tatu yake hutaisoma. Zipe herufi A, B, C, D kwenye mgongo kwa kalamu ya maka. Andika namba za kurasa kwenye pembe ya juu. Kisha pitia kila moja mara moja tu, dakika zisizidi arobaini, ukiandika notisi moja ndani ya Joplin: "Kitangari, kikao cha pembejeo, B 47". Mstari mmoja kwa kitu unachoweza kukihitaji, vingine vipite. Mwisho utakuwa na mistari mia au mia na nusu inayotafutika kwa simu, na karatasi zenyewe zibaki kabatini.

Za zamani zenye penseli anza nazo. Zinafifia kwa kusuguana kurasa.

Bibi Shamba Newala

Naanza na C, ndiyo ya penseli. Ahsanteni wote.